Injini ya Baba Mkwe
Sehemu ya saba

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, mambo yalikuwa yamefika hapa.

Stanslaus, fundi magari wa Nyasubi mjini Kahama, alikabidhiwa na baba mkwe wake Datsun 240Z ya zamani, gari la mashindano la milango miwili, aifufue injini yake iliyokuwa imekwama. Akaifufua. Kabla hajairudisha mahali pake, mdogo wake Eliya akaitorosha. Kwa hofu, Stanslaus akafunga injini ya gari la kisasa aina ya Noah chini ya boneti lile na kumrudishia mzee gari kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Baba mkwe huyo, mzee Apolinari, macho yake yamekwisha, lakini masikio ni mazima. Gari lilipowashwa uani kwake Ushirombo alisikiliza kidogo, akapapasa mpaka kwenye ufunguo, akalizima mwenyewe.

"Hiyo si sauti ya gari langu," alisema.

Hakugomba. Alimwambia tu binti yake Rhoda, mke wa Stanslaus, abaki pale na watoto mpaka mumewe atakaporudi na injini ya kweli. Na Rhoda akabaki. Hakulia wala hakubishana. Alishusha mizigo kwenye gari kama mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa, na hilo ndilo lililomkosesha mumewe usingizi.

Haya, tuendelee.

Stanslaus alifunga gereji yake akaanza kutafuta. Aliambiwa Buseresere kuna karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, inayoendeshwa na injini ya silinda sita. Akaenda. Akakuta injini ya lori iliyochoka, inakohoa moshi mweusi, na mwenye karasha akamcheka kwa kusafiri njia yote ile kuja kuona uchakavu.

Alikaa kwenye kibanda cha chai hajui aelekee wapi. Hapo ndipo dereva mmoja wa gari la matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za mashimo zisianguke, alipomsikia akimweleza muuza chai shida yake.

"Nenda Segese," dereva alisema. "Kuna duara moja, shimo la dhahabu, jenereta lao liliua injini, wakafunga ya gari. Inalia vizuri mpaka watu wanasimama kuisikiliza."

Stanslaus aliacha chai yake mezani.

Kule Segese aliisikia kabla hajaiona.  Ilikuwa chini ya kibanda cha mabati, imefungwa juu ya chuma cha chesisi ya lori, inapozwa kwa maji ya pipa, na inazungusha ile sehemu ya jenereta inayofua umeme. Kabureta zake mbili zilikuwa zimejaa vumbi jekundu. Alipiga magoti, akapitisha kidole ubavuni mwake, akaikuta namba aliyokuwa ameisugua yeye mwenyewe kwa brashi ya waya.

Mtu akamuuliza nyuma yake anatafuta nini.

Alikuwa Limi, mwenye duara, mwanamke mnene aliyevaa buti za mpira na kitenge kilichofungwa kiume. Wachimbaji walimwita Mayu, yaani mama, na hata wazee kumzidi walimwita hivyo hivyo.

Stanslaus alimwamkia, akamweleza yote tangu mwanzo. Limi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba Eliya hakumuuzia injini. Aliileta kama mtaji wake, akaingia ubia, na sasa ana fungu lake katika kila kinachotoka chini.

"Alikuja nayo kama mtu anayekuja na ng'ombe wake," alisema. "Sikumuuliza ng'ombe kazaliwa zizi gani."

Stanslaus akauliza Eliya yuko wapi. Wachimbaji wakatazamana. Mmoja akasema alikuwapo sasa hivi.

Basi akaomba arudishiwe mali ya mkwewe. Limi akakataa. Stanslaus akatishia kwenda polisi. Limi akamwambia aende, hata nauli atampa, ila kwanza ashuke aone.

Wakamshusha. Kule chini mdomo wa shimo ulionekana kama sahani ya mwanga. Njia ilianza kwa kuteremka, na pale ilipozama zaidi ndipo maji yalipokuwa yakichuruzika kutoka kwenye mwamba bila kukoma, na pampu ikiyanyonya bila kukoma. Baada ya hapo njia ilipanda tena mpaka mahali watu walipokuwa wakigonga mawe. Kila aliyefanya kazi kule alivuka bonde lile dogo kwenda, na alilivuka tena kurudi. Bomba nene la plastiki lilipita humo likiwapelekea hewa.

Alipopanda juu, Limi alikuwa anamngoja.

"Mwaka ule jenereta lilipozima, bonde lile lilijaa," alisema. "Mume wangu alikuwa upande wa pili. Tulimtoa baada ya maji kupungua. Sasa niambie, fundi, nikuzimie?"

Stanslaus aliutazama tena mdomo wa shimo. Alikaa juu ya rundo la mawe akaweka kichwa mikononi.

Ni Limi mwenyewe aliyempa njia. Kama gari la mkwe wake lina injini nyingine, ailete hiyo. Jumapili hakuna anayeshuka. Waizime hii, wafunge ile, na kila mtu aondoke na chake. Yeye hakuwa na haja na sauti nzuri. Alitaka maji yatoke.

Kwa mara ya kwanza tangu msiba huu uanze, Stanslaus alicheka.

Lakini injini ya Noah ilikuwa ndani ya Datsun, na Datsun ilikuwa uani kwa mzee Apolinari. Ikabidi aende kuitoa mbele ya watu wote aliowadanganya.

Hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama ile. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, uso umeelekea zilikokuwa sauti za spana. Aliitikia shikamoo, basi. Watoto walimkimbilia baba yao, wakaitwa ndani. Marcel, kaka yake Rhoda, alimsaidia kuinua injini kwa chenibloku, mnyororo wa kunyanyulia vitu vizito, bila kusema neno lisilohusu chenibloku.

Walipomaliza, Rhoda alileta maji ya kunawa na sabuni, akamimina kwa adabu, kama anayemnawisha mgeni.

"Rhoda," akasema mumewe kwa sauti ya chini.

"Kula kwanza, safari ni ndefu," Rhoda akajibu, akaingia ndani.

Ndipo mzee alipozungumza. Alisema tajiri wake wa kiwanda cha pamba, ambaye yeye mzee alikuwa akimkimbizia gari lile kwenye mashindano, alipoondoka nchini alimwachia kama kumbukumbu ya ushindi wao. Lakini yeye hakulithamini kwa ushindi. Mama yake Rhoda alishikwa na uchungu masika, barabara imegeuka tope, mtoto amekaa vibaya tumboni. Injini ile iliunguruma mpaka hospitali bila kukosa hata mpigo mmoja, mama akapona na mtoto akapona.

"Mama yao sasa amelala pale kwenye migomba," alisema mzee. "Sauti yake siwezi kuisikia tena. Ile nilikuwa naisikia. Wewe ukaniwekea ya kuazima, ukadhani kipofu hajui."

Stanslaus alitamani ardhi ipasuke.

Jumapili yeye na Marcel waliingia Segese na injini ya Noah nyuma ya pikapu. Kengele ya kanisa ilikuwa imekwisha kulia na wachimbaji wengi walikuwa wameondoka. Limi alihesabu watu wake waliobaki juu, akauliza kama kuna aliyeshuka, akaambiwa hakuna. Kuhusu Eliya alijibiwa kwamba alionekana asubuhi akielekea barabarani. Stanslaus hakushangaa. Mdogo wake angesafiri mpaka Burundi ili tu asikutane na macho yake.

Eliya hakuwa mwizi wa kuzaliwa. Alikuwa kijana mwenye nguvu aliyechoka kuitwa mdogo wake fundi. Gereji nzima ilimtuma, na kaka yake ndiye aliyemtuma zaidi.

Injini ya Datsun ikazimwa. Kimya kilichoingia kiliwafanya wote wasimame kidogo.

Walifanya kazi kama watu wanaofukuzwa. Wakafungua nati, wakaichomoa, wakaipandisha kwenye pikapu na kuifunga kwa kamba kila upande. Kisha wakaiweka ya Noah na kuiunganisha na jenereta kwa bamba la chuma ambalo Stanslaus alikuwa amelitoboa gerejini kwake. Ikashika. Alipoiwasha, taa ya kibandani ikawaka na bomba la maji likaanza kutapika.

Wote wakashangilia. Limi akamshika Stanslaus mkono kwa mikono miwili.

"Wabeja, ng'wanone," alimshukuru kwa Kisukuma, akimwita mwanawe. Halafu akaongeza kwamba ingekuwa vyema ile ya zamani ilale hapo mpaka kesho, waione hii mpya kama itahimili mzigo.

Lilikuwa ombi la haki. Stanslaus, akiwa fundi, alijua ni la haki. Lakini alichosikia yeye ni kwamba mwanamke huyu anaanza kubadili mawazo. Akamvuta Marcel pembeni, akamwambia aondoke na injini sasa hivi, asisimame popote mpaka Ushirombo. Yeye angefuata kwa bodaboda.

Vumbi la pikapu likapotea nyuma ya nyumba za bati. Limi aliliangalia, akarudi kibandani.

Injini ya Noah ilifanya kazi vizuri mpaka jua lilipopita utosini. Kisha taa ikapepesa. Harufu ya waya unaoungua ikatoka, na injini ikanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo.

Stanslaus alifungua kontroli boksi, kile kisanduku kinachoiamuru injini ya kisasa lini iwake na lini inywe mafuta. Ndani kilikuwa kimegeuka mkaa. Kwa fundi, hapo hapana cha kugongagonga. Injini nzima nzuri, na bila kisanduku kile ni chuma tu.

Bado haikuwa balaa. Limi alisema shimo tupu likijaa litakaushwa, watapoteza kazi ya wiki basi. Alikuwa amekasirika, lakini alikuwa mtulivu. Stanslaus naye alianza kupanga moyoni apate wapi kisanduku kingine.

Wakamwona Hosiana akija.

Hosiana alikuwa mama anayewapikia wachimbaji. Alikuwa anatembea huku amejishika kichwa, na mwiko ungali mkononi.

"Mayu, mbona pampu imezima?" aliuliza.

Limi akamweleza. Hosiana akakaa chini pale pale kwenye udongo.

"Eliya yumo," alisema. "Asubuhi alipoona pikapu ya kaka yake inakuja, alikuja kwangu kuomba chakula, akakiweka kwenye ndoo akashuka nacho kwa ngazi ya nyuma. Alisema atakaa upande wa pili mpaka waondoke. Alinisihi nisimtaje. Nami nikaona ni mambo ya ndugu, nikanyamaza."

Stanslaus alifika kwenye ngazi kabla Hosiana hajamaliza.

Bonde la njia lilikuwa limejaa mpaka kwenye paa la mwamba. Maji meusi, yametulia, kama mlango uliofungwa. Yalikuwa yamepanda walipokuwa wakibadilisha injini, na muda mfupi ule pampu ilipofanya kazi haukutosha kuyamaliza. Alivuta pumzi akajitosa. Magogo ya matimba yaliyoanguka yalimzuia mbele, akapapasa, akapotea, na wenzake walimvuta kwa kamba akiwa anatapika maji. Akataka kurudi. Wakamshika.

Ndipo mmoja wao alipokumbuka bomba la hewa. Walichomoa feni ya kusukuma hewa kwenye mwisho wake wa juu, Stanslaus akaweka mdomo akaita. Akabandika sikio.

"Kaka?" Sauti ilitoka mbali, nyembamba, lakini ilikuwa ya Eliya. "Nilisinzia. Nimeamka maji yako hapa."

"Yamefika wapi?"

"Yalikuwa kwenye vifundo. Sasa magotini. Kaka, taa yangu inafifia."

 Miezi yote ile Stanslaus alikuwa ameyaandaa maneno ya kumwambia mtu huyu, makali, ya kumwingia mpaka kwenye mfupa. Hakulipata hata moja.

"Panda palipoinuka zaidi," alisema mwishowe. "Kaa hapo. Usizungumze sana."

"Nilitaka nikuletee mwenyewe," ilisema sauti ndani ya bomba. "Nikishapata changu, nikuletee injini mpaka Nyasubi, nikukabidhi mbele za watu. Nilitaka uone."

"Nitaona. Nyamaza sasa, tunza hewa."

Jirani wa duara la pili alileta kajenereta kake. Kaliwasha taa na kusukuma feni, lakini kalipofungwa kwenye pampu kakazima, na kakazima tena. Majirani wengine walikuwa wameondoka na funguo za majenereta yao. Watu waliunda mstari kwenye ngazi, ndoo zikawa zinapanda na kushuka kutoka mkono hadi mkono. Maji yalipungua kwa ndoo na kuongezeka kwa mwamba. Kila baada ya muda feni ilizimwa ili Limi amwite Eliya kwa jina, naye aitike.

Hakuna aliyelazimika kumwambia Stanslaus kinachotakiwa. Ilitakiwa injini isiyohitaji kisanduku, inayokubaliana na jenereta lile, iliyokwisha kulisukuma miezi na miezi. Na hiyo alikuwa ameiondosha yeye kwa mkono wake.

Simu ya Marcel haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Akampigia Rhoda.

Rhoda alipokea upesi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na joto. Alimwambia Marcel amefika. Injini ingali kwenye pikapu, na baba amesimama ubavuni mwake anaifuta kwa kanga ya marehemu mama, hataki mtu mwingine aiguse. Amesema jioni wachinje mbuzi. Amesema Stanslaus aje.

Stanslaus alifumba macho. Akaomba apewe mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo tangu siku ile uani. "Nimeipata namba yake kwa kidole. Ni yenyewe. Yaliyopita tuyaache yapite."

"Baba, naomba uirudishe."

Mzee akauliza kama amesikia vizuri. Stanslaus akamweleza haraka haraka: injini ya Noah imeungua, maji yamepanda, kuna mtu amefungiwa chini. Ile ndiyo pekee inayoweza kuyanyonya maji ya ile njia. Pikapu ikigeuka sasa hivi huenda ikawahi.

"Mtu gani?" aliuliza mzee.

Limi alikuwa ameinama pembeni yake na alisikia swali. Akamshika bega, akanong'ona aseme ni mchimbaji mwenye watoto, basi, mengine yatasemwa baadaye. Ulikuwa ushauri wa mtu aliyewahi kumpoteza mwenziwe mahali pale pale.

Stanslaus aliuona uongo ule ukiwa tayari mdomoni mwake, mwepesi, wenye huruma. Kwa uongo huo mdogo wake angeishi. Na yule mzee, mwenye masikio yale, angeusikia kama alivyosikia ile injini ya kuazima.

"Ni Eliya, baba," alisema. "Ndiye aliyeiiba."

 Alisikia kuku upande wa pili. Alisikia Marcel akiuliza jambo, hakujibiwa. Kisha simu ikakwaruzwa, na aliyerudi hewani alikuwa Rhoda.

"Umemwambia nini baba?"

"Amefanya nini?"

"Amepanda nyuma ya pikapu peke yake, kwa kupapasa. Ameikalia injini, ameikumbatia kwa mikono miwili. Marcel anamuuliza aendeshe au ashuke. Hasemi."

"Rhoda, mwombe. Wewe atakusikia."

 Rhoda alipojibu, sauti yake ilikuwa imerudi ile ya siku ya maji ya kunawa.

"Umenidanganya mimi pia, Stanslaus. Nililala kitanda kimoja na wewe na hukuniambia injini imepotea. Leo nikimwombea mwizi wa baba yangu, nimwambie baba namwomba kama nani? Kama mke wako, au kama nani?"

Stanslaus alifungua mdomo kujibu.

Kwenye shimo, Limi alikuwa amerudi kupiga magoti kwenye bomba. Feni ilikuwa imezimwa. Alikuwa ameita, na kuita tena, na sasa aliinua uso akamtazama.

"Fundi," alisema. "Haitiki."